Barua ya Kuokoa Samaki

Kama huniamini, weka gazeti chini; mwenye macho kama yangu hayuko Kisangani. Jumapili asubuhi, ukungu ulilala juu ya maporomoko, ungesema mto unaota ndoto. Tonton mmoja, yaani bwana wa ofisi, anayevua kwa mshipi kujistarehesha tu, akamnyooshea kidole mzee mmoja tunayemwita papa, anayeishi kwa kutega samaki kwa vikapu.

"Papa, munamaliza samaki! Kesho naandikia wakubwa barua, wafunge uvuvi hapa maporomoko."

Papa akapitisha ngumi polepole kwenye tundu la kikapu.

"Tonton, ngumi yangu inapita. Watoto wa samaki wanapita. Wewe umeshika nani?"

Tonton akamtazama samaki aliyemvua, kapitene mkubwa: tumbo limejaa mayai. Akapiga magoti, akamlaza majini. Samaki akakaa kidogo kama amesinzia, halafu akazama.

"Bon, sawa," papa akasema, "barua tuiandike wawili. Iseme juu ya wale wanaovua na vyandarua vya kitanda. Hao hawaachi hata mtoto."

Sisi tuliokaa ukingoni tulipiga makofi, mimi kuliko wote. Lakini sikusimama, na kuna jambo nililoliruka katika kusimulia: nilikuwa nimekalia chandarua changu, kimeloa, kimejaa samaki wadogo kama kucha.