Nilivyowauliza Watu wa Masinya Habari za Sera

Neno lenyewe ni fupi na halina kosa lolote. Ukilisikia redioni upande wa Kenya, sera ni mpango wa serikali: sera ya kilimo, sera ya maji, sera ya biashara ndogo ndogo. Ukivuka mpaka ukaingia Busia ya Uganda, ambako Kiganda ni lugha ya soko hata kwa Wasamia wenyewe, kusera ni kutoka usiku, kuvua nguo zote na kucheza uchi kwenye boma la jirani. Anayefanya hivyo ni mchawi, na watu hawamchekei.

Mimi nilijua maneno yote mawili. Hilo ndilo linaloniuma. Ningekuwa mgeni ningesamehewa, lakini nimezunguka huku zaidi ya miaka ishirini. Nimebeba saruji Tororo, nimechimba mashimo ya dhahabu Tiira bila kukutana na dhahabu yenyewe, nimefunga na kufungua maturubai ya malori pale Malaba. Sera niliipata redioni, kusera nikaipata sokoni, na kila moja ikakaa chumba chake kichwani mwangu bila kumpigia hodi mwenzake. Siku maneno hayo yalipokutana, mama mmoja mjane alikuwa karibu kufukuzwa kijijini kwake.

Kazi niliipata kwa sababu ya mdomo. Kwenye kibanda cha chapati karibu na mpaka alikaa mwanamke kijana mwenye makaratasi mengi, nikamuuliza anaandika nini. Huwa namuuliza kila mtu. Niliacha shule darasa la saba, na si kwa kukosa karo. Nilitaka kuona malori yanakwenda wapi, na tangu hapo sijaacha kuuliza. Akaniambia anasomea utawala wa umma katika chuo kikuu kimoja cha Tanzania, shahada ya tatu, na anachunguza jinsi wanavijiji wanavyoshirikishwa serikali inapopanga mambo yao. Nikamjibu kwamba suala hilo limenisumbua miaka mingi. Lilikuwa limeanza kunisumbua dakika hiyohiyo.

Aliniajiri niwe mkalimani wake. Akanipa kadi ya kuvaa shingoni, imeandikwa Mtafiti Msaidizi, nami nikaivaa mpaka kanisani. Akanipa pia karatasi ya kuahidi kwamba sitarudia nje yale nitakayoyasikia nyumbani kwa watu, wala kutaja nani kasema nini. Nilitia sahihi haraka. Nina sahihi nzuri ambayo maisha hayajanipa nafasi nyingi za kuitumia.

Kisha akanionyesha dodoso, yaani ile fomu ya maswali. Alikuwa ameandika kwa Kiswahili chepesi: mipango ya serikali. Nikatikisa kichwa kama mhariri.

"Dada, hapa umewashusha watu. Watu wa huku si wajinga. Andika sera."

"Wataelewa?"

"Wataelewa sana."

Akafuta, akaandika sera kuanzia swali la kwanza hadi la mwisho, akanishukuru.

Kijiji chetu cha kwanza kilikuwa Masinya, upande wa Uganda. Katika nyumba ya kwanza mzee mmoja alikuwa akichonga mpini wa jembe. Nilimsomea swali kwa sauti ya taarifa ya habari: je, umewahi kushiriki katika sera hapa kijijini?

Akaweka kisu chini. "Mimi? Mimi ni mtu ya kanisa."

"Unamjua mtu yeyote anayeshiriki?"

"Watu ya hapa hawasemangi mambo hiyo na wageni."

"Sera hufanyika wapi, na saa ngapi?"

"Usiku," alisema mzee. "Kwani wewe unafikiri saa ngapi?"

Nikamgeukia mtafiti na kumfafanulia kwamba wazee wa huku husema kwa mafumbo. Alichokuwa akisema mzee ni kwamba mambo ya serikali hupangwa gizani, mwananchi asione. Dada wa watu akaandika "hakuna uwazi" na kupiga mistari miwili chini yake.

Nyumba ya pili mama mwenye nyumba alituambia kwamba wanaoshiriki huvua kila kitu. Nikafafanua: viongozi hawana aibu tena. Tulipouliza kama wanawake nao wanashiriki, akasema hao ndio wengi, na mtafiti akashangaa, maana vitabu alivyosoma vilisema kinyume. Swali la mwisho lilikuwa, je, ungependa kushirikishwa zaidi? Mama aliingia ndani akafunga mlango. Niliandika: hana jibu.

Kwa siku mbili tulipita nyumba kumi na moja. Katika nyumba nne, tulipouliza nani anashiriki, tulitajiwa mtu mmoja: mjane anayeuza mihogo mikavu katika soko la Busia. Anaamka jogoo wa kwanza hajawika, anajitwika gunia lake na kutoka peke yake. Aliyemtaja kwa maneno mengi zaidi alikuwa shemeji yake, ndugu wa marehemu mume wake, ambaye boma lake limepakana na shamba la mihogo la huyo mama. Alitutajia siku, saa, na upande anakoelekea.

"Huyo ameshiriki sana," alisema shemeji. "Serikali ijue."

Mtafiti alifurahi mno. Mwananchi wa kawaida, mjane, asiye na cheo, na kijiji kizima kinamfahamu kwa ushiriki wake. Njiani alianza kuniambia kwamba huenda mama huyo akapewa sura nzima katika tasnifu. Nami nilijiona baba wa sura hiyo.

Tulimkuta uani akianika mihogo, majirani wawili wa kike wamekaa naye wakimenya ya kwao. Nilipaswa kuomba faragha. Badala yake nilisimama katikati ya ua, nikaiweka kadi yangu sawa kifuani, nikasema kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya ua: "Mama, tumeambiwa na wengi kwamba wewe ndiye unayeongoza kwa sera hapa. Madamu ametoka Tanzania kuja kujifunza kwako."

Visu vya kumenyea vilisimama.

"Sema tena hilo neno," alisema mama.

"Sera."

"Mimi?" Alijinyoosha polepole, kipande cha muhogo mkononi. "Mimi nasera?"

Hapo ndipo nilipolisikia. Sera ya redioni haichukui ile na- ya kitenzi mbele yake. Hakuna mtu anayesema anasera kilimo. Mama aliliweka neno mahali pake, na ukuta kati ya vile vyumba viwili ukaanguka kwa ndani. Usiku. Huvua kila kitu. Wanawake ndio wengi. Siku mbili nzima nilikuwa nikiingia katika nyumba za Wakristo na kuwauliza kama wangependa kucheza uchi zaidi ya wanavyocheza sasa.

Nilieleza. Nilieleza vibaya, kwa lugha nne, jasho likinitoka. Mmoja wa wale majirani alicheka mpaka akajishika mbavu. Mwingine hakungoja nimalize. Alichukua dumu lake akaelekea kisimani, na dumu lilikuwa limejaa maji.

Kufikia asubuhi iliyofuata kijiji kilikuwa na habari yake. Haikuwa habari ya mkalimani mpumbavu. Ilikuwa kwamba chuo kikuu kimetoka nchi nyingine kuja kumchunguza yule mama, na kimeandika. Shemeji alikuwa akisema kwamba ingekuwa vyema arudi kwao Buhehe kabla vijana hawajapata hasira. Kuhusu shamba la mihogo hakusema lolote. Mwenyekiti wa kijiji akatuita sote kwenye baraza ya duka lake.

Nilisimama mbele ya watu nikajivua ujuzi wangu wote. Niliwaambia kwamba sera ni mpango wa serikali, kwamba madamu alikuwa ameandika vizuri, na kwamba mimi, wa darasa la saba, ndiye niliyemsahihisha.

"Kwa hiyo," alisema mwanamume mmoja nyuma, "huyu madamu anasomea sera mpaka digrii ya tatu?"

"Ndiyo, mzee."

"Na Kampala wako na sera ya kahawa?"

"Wanayo."

"Na hao wanafanyia wapi, ndani ya kahawa?"

Watu walicheka mpaka mwenyekiti akagonga meza, naye mwenyewe akicheka. Nikadhani yamekwisha. Mimi ni mtu wa kudhani kwamba watu wakicheka mambo yamekwisha.

Mama mjane akasimama. Hakuwa amecheka.

"Neno lilikuwa baya, nimesikia," alisema. "Lakini wale walioulizwa walisikia nini? Walisikia kusera. Na walipoulizwa nani anasera, walijibu jina langu. Huyu mkalimani alikosea swali. Jibu hakukosea mtu."

Akawatazama watu mmoja mmoja.

"Nataka kujua ni nani."

Mtafiti akaeleza kwa upole kwamba aliwaahidi wote siri, kwamba hiyo ndiyo sheria ya utafiti, na akiivunja hata mara moja kazi yake yote ni bure. Mwenyekiti akamsikiliza, kisha akanigeukia mimi.

"Wewe ulikuwepo. Sema tumalize."

Nataka niseme kwamba niliwaza juu ya ahadi. Sikuwaza hivyo. Majina manne yalikuwa yamejipanga kwenye ulimi, na mimi sijawahi kuwa na neno mdomoni likakaa. Tena niliona jinsi nitakavyosamehewa: nikishamtaja shemeji, macho yote yangetoka kwangu yakaenda kwake. Nilikuwa nimefungua mdomo.

"Nyamaza wewe," alisema mama. "Umesema vya kutosha." Akamgeukia mwenyekiti. "Chemani, akiwataja hapa watakataa, halafu mimi nitakuwa mchawi na mwongo pamoja. Nataka warudi kila nyumba waliyopita, waulize upya kwa neno zuri. Na mimi nitatembea nao."

Mtafiti alisema kwamba mtu wa tatu akikaa katika mahojiano, majibu yanaharibika.

"Yalishaharibika, mwanangu," alisema mama.

Mwenyekiti akasema iwe hivyo. Mtafiti akafuta sera kwenye fomu zake, moja moja, akarudisha mipango ya serikali kwa mwandiko wake. Hakuniomba ushauri.

Mama alikuja na mfuko wa karanga za kuchemsha, zingali za moto. Sikuelewa za nini mpaka tulipofika nyumba ya kwanza. Alisalimu kwa kirefu, akauliza hali ya watoto, ya ng'ombe, ya mgongo wa mzee, kisha akachota karanga na kumimina katika mikono ya kila mmoja. Halafu akakaa akingoja. Chakula cha mtu anayesera hakuna anayekitia mdomoni. Mzee wa mpini wa jembe alizitazama, akanitazama, akaanza kutafuna, na kwa mara ya kwanza akatujibu: hajawahi kuitwa mkutano wowote, ushuru wa soko alisikia umepanda siku alipokwenda kuulipa.

Ndivyo tulivyokwenda. Mama hakuuliza neno. Alikaa pembeni, akagawa karanga, akasikiliza habari za kisima kibovu na barabara. Yule aliyetufungia mlango siku ile alimletea kiti kabla hatujasema hodi, akala karanga zake haraka haraka kama mtoto anayekunywa dawa. Katika nyumba nyingine mwenye nyumba alianza, "Mama, ile siku ingine..." naye akamkata: "Nimekuja kusikiliza mambo ya kisima." Nilikuwa najua nani alisema nini, na niliona kwamba yeye naye, kila tulipotoka, alikuwa anajua zaidi kidogo. Mimi sikusema. Kinywa changu kilikuwa na kazi. Nikiwa na hofu ninakula, na mfuko nilikuwa nimeubeba mimi.

Nyumba ya kumi na moja ilikuwa ya shemeji. Nilipompa mama mfuko, aliutikisa, akaangalia ndani, akaniangalia.

"Umewalisha watu au umejilisha?"

Zilikuwa zimebaki kiasi cha kiganja kimoja. Alizimimina zote katika mkono wa shemeji yake, ambaye hakutuambia tukae. Nilisoma swali la kwanza. Alijibu hapana. La pili, hapana. Karanga zilikuwa mkononi, mkono umening'inia kama si wake. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni anatazama, na nyuma ya ua wa majani majirani walikuwa wamekumbuka ghafla kwamba wana magugu ya kung'oa upande huo.

Nilimaliza maswali. Mtafiti akafunga kalamu. Mama akatandika khanga yake kwenye vumbi la ua wa shemeji, akaketi, akanyoosha miguu.

"Sisi hatuna haraka," alisema. "Mihogo nimeianika, na leo si siku ya soko."

Tukangoja. Mkewe akatoka mlangoni, akaenda moja kwa moja kwenye mkono wa mumewe, akachukua karanga moja, akaipasua na kuila. Akachukua nyingine. Akaendelea kula pale pale, karibu na kifua chake, akitazama mbali kama mtu anayengojea mvua. Zilipobaki tatu, shemeji akaangalia upande wa majirani, akaangalia chini, akatia moja mdomoni pamoja na ganda lake.

Mama akasimama, akakung'uta khanga. Tulirudi naye mpaka kwenye mihogo yake. Hapo akaniambia nivue ile kadi kwanza, halafu nimsaidie kuigeuza mihogo upande wa pili.