Ombi la Dada Wawili

Jumamosi nilikuwa katika ukumbi wa jamii pale Dandora, ambako afisa wa watoto alikuwa akiwasikiliza vijana waliolelewa na familia zisizo zao. Wengi walizungumzia karo. Kisha msichana mmoja akasimama, akamshika mwenzake mkono na kumwinua.

"Madam, huyu ni mdogo wangu," alisema. "Mama alipofariki, mimi nilipelekwa kwa familia ya Kayole, yeye akapelekwa mtaa wa Pipeline, si mbali na hapo. Tumepatana mwaka jana tu, kanisani. Miaka yote hiyo tulikuwa karibu hivyo, na hakuna aliyetuambia."

Afisa akavua miwani. "Pole sana, msichana wangu. Mara nyingi tunakosa nyumba ya kupokea wawili."

"Najua, Madam. Hatujakuja kulaumu. Tunaomba tu, mkitenganisha ndugu, muwakutanishe kila mwezi. Mtoto ajue mwenzake yuko hai."

Yule mdogo alikuwa ameushika mkono wa dadake kwa mikono yake yote miwili. Afisa aliahidi kuanza na watoto walio chini yake sasa.

Mimi nimezoea mikutano ambayo wenye vyeo huongea hadi chai ikapoa, na tukarudi nyumbani vilevile. Siku hiyo nilibaki nimeduwaa, kwa sababu kabla hatujatoka, mama mmoja muuza mitumba aliinua mkono.

"Mimi niko na chumba," alisema. "Lakini mkiniletea mtoto, msimlete peke yake. Mleteni na nduguye."