Lori la Mechi ya Mwisho

Ijumaa iliyopita, saa kumi na dakika tano alasiri, nilikuwa kwenye kaunta ya duka la jumla hapa Busia alipoingia shabiki mkuu wa timu yetu na tarumbeta lake la bati. Kila mechi ya nyumbani, wakati wa mapumziko, yeye huitangaza sabuni ya duka hilo kwa tarumbeta, na mwenye duka huwapa wachezaji lori la kwendea mechi za ugenini.

"Boss, kesho ni Kakamega. Tukishinda, tunapanda daraja."

Mwenye duka hakuinua macho. "Mzee, siku hizi natangaza kwa redio. Inafika mpaka Uganda. Sauti yako inaishia kwa goli."

"Na lori?"

"Lori inapeleka sabuni Malaba. Hiyo redio imeniletea wateja."

Mteja mmoja akacheka. "Basi mzee, mpira pia chezeni kwa redio!"

Shabiki alilifuta tarumbeta kwa mkono wa shati. "Redio haijui hata jina la kipa wetu," akasema, akatoka.

Mfanyabiashara hufuata masikio yalipo, simlaumu sana. Ila timu isipofika, mwenyeji hupewa ushindi bila kugusa mpira, na jasho la msimu mzima huishia hapo.

Jumamosi asubuhi niliwakuta wachezaji wameketi mbele ya duka, viatu vimening'inia shingoni, wakingoja lori. Shabiki, ambaye sauti yake huvuka uwanja mzima, alisimama pembeni akishindwa kusema. Nikawaambia mimi kwamba lori limekwenda Malaba na sabuni.