Maji ya Magdalena

Wifi yangu Wilhelmina alikuwa na mdomo, jamani. Ukimsalimia asubuhi, anakuuliza kwanza kama umenawa uso. Nilimpenda hivyo hivyo.

Kijiji chetu cha ujamaa kule Newala kilikuwa juu, maji yakiwa bondeni. Kushuka na kupanda na debe kichwani kulikula nusu ya siku. Mwaka 1972 akaletwa Magdalena, bibi wa Kimakonde kutoka ng'ambo ya Ruvuma, mguu mmoja umekatwa na bomu la Wareno. Akapewa kibanda kando ya njia. Sisi tukasema, "Mkimbizi huyo, serikali ipo." Wifi peke yake ndiye aliyemmiminia nusu ya debe lake kila siku, huku akimtania: "Kunywa, bibi, usije ukafa nikakosa wa kugombana naye."

Mwezi wa kumi wifi akashikwa na homa, hata kuinuka hawezi. Nikawa namletea maji mimi. Kila nikifika anauliza, "Magdalena amepata?" Namjibu, "Amepata." Wala sikuwa nimekwenda kuangalia. Nilijiambia jirani yetu Mama Hamidu anapita pale, atampa. Kumbe Mama Hamidu naye alijiambia napita mimi.

Siku ya tatu wifi akajikongoja mwenyewe mpaka kibandani. Akamkuta bibi midomo imepasuka, hana sauti. Akambeba mgongoni, na yeye anatetemeka kwa homa, akamketisha pale njia ya bondeni inapotokea juu. Kwetu ni mwiko kumpita mwenye kiu njiani nawe una maji kichwani. Akiwa ndani kwake utajifanya hukumwona, njiani, thubutu.

Tulipofika juu na maji, Mama Hamidu akatua debe. Nami nikatua, nikapiga magoti, nikamwekea kata ya maji mdomoni. Akanywa kidogo, akakohoa, akanywa tena. Wanawake waliokuwa nyuma yetu nao wakatua madebe yao. Niliona aibu.

"Shikamoo, bibi," nikasema.

"Marahaba." Akanishika mkono. "Sauti hii naijua. Wewe ndiye unayepita asubuhi ukiimba."

"Ndiye mimi, bibi."

"Jana nilikuita. Nikasema, mtoto wa watu ana mzigo, hakunisikia."

Wifi akanitazama, akangoja niseme. Nilikuwa nimesikia.