Mashangazi Walivyohamia Ukutani

Jamani, leo nimeharibu harusi kwa taa nzuri. Chekeni kwanza, halafu mniambie kosa langu liko wapi.

Si mnajua nasomea kupanga taa za majengo? Mwalimu wetu kila siku: usimmulike mtu usoni, mulika ukuta, mwanga umrudie taratibu.

Basi binamu yangu Neema akaniachia ukumbi wa harusi yake, hapa hapa Tottenham.

Ukuta nikaumulika kutoka chini. Mezani nikaacha mwanga hafifu. Palipendeza mpaka nikajipiga picha!

Mashangazi wakaingia na sare zao za kitenge cha dhahabu. Wakakaa. Wakatazamana.

"Hiki kitenge nimemshonea nani, popo?" akauliza Shangazi Rehema.

Akabeba kiti chake hadi ukutani. Wa pili akamfuata. Punde sare yote iko kule inang'aa, simu juu, vigelegele.

Nikakimbilia meza kuu kumwomba Neema radhi.

Kiti chake kitupu. Na yeye yuko ukutani, shela inameremeta!

Bwana harusi amebaki gizani na keki. Akaninong'oneza:

"Shemeji, na mimi niende?"