Mpira Uliopita Kando Yangu

Mimi ni mtu wa Muheza, na hasira zangu ziko karibu. Serikali iliponipangia kufundisha Kasulu nililia wiki nzima, halafu nikazoea: baridi ya asubuhi, maharage ya kila siku, hata Kiha cha kusalimiana nikakipata. Mwaka 2013 mwalimu mgeni wa kujitolea alimaliza muda wake shuleni kwetu akaniachia begi la softiboli, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa mwalimu wa michezo. Ndani mlikuwa na fimbo mbili, mipira kadhaa, na glavu ambazo panya wa stoo walizitafuna mpaka ikabaki moja. Alinifundisha kwamba mrushaji anazungusha mkono mzima, anauachia mpira chini, usawa wa nyonga, nao unamwendea mdakaji aliyechuchumaa mbele yake. Mpira wenyewe ni mgumu. Sikutaka kuvunja vidole vya watoto wa watu, kwa hiyo glavu nikaivaa mimi, nikadaka mimi, siku zote.

Nilipata wasichana wawili wa kurusha. Mmoja alikuwa binti wa daktari wa mifugo, familia iliyohamia kutoka Arusha. Huyo siku ya kwanza tu alinitwanga mpira wa kifua akacheka, nami nikacheka. Wa pili alikuwa wa kidato cha pili, Muha wa Rungwe Mpya, mpole, kila ukimwita anaitika "abee, mwalimu" huku anatazama chini. Lakini mkono wake, jamani! Mpira ulitoka kwake unavuma. Shida ni kwamba haukunifikia. Kila mara ulipita kando ya bega langu la kushoto ukaenda kugonga ukuta wa darasa.

Nikaanza kumchunguza. Mguu wake wa kushoto, badala ya kukanyaga mbele moja kwa moja kunielekea, ulivuka kwenda kulia, na mwili ukaufuata, akainama upande kama mtu aliyebeba ndoo kwa mkono mmoja. Nikamchorea mstari wa majivu chini, nikamwambia unyayo uangukie hapo. Ukaangukia nje. Nikamfundisha kurusha akiwa amepiga magoti, kiwiliwili kimesimama wima, bila mguu wa kusumbua. Akapinda kiuno. Nikapanga matofali upande wa kulia wa mstari ili mguu ukose pa kwenda. Loo! Alijikwaa, kidole gumba kikachanika, akajifuta damu na majani akarudi kwenye nafasi yake. Nikamwambia, "Wewe una kichwa kigumu kuliko hayo matofali." Akasema, "Nisamehe, mwalimu."

Siku moja nilicheleweshwa na kikao cha walimu. Nilipofika uwanjani nikamkuta peke yake, anarushia mgomba uliokuwa nyuma ya jiko la shule. Mguu umenyooka juu ya mstari, mgongo wima, na mpira unapiga shina palepale, tena na tena, mpaka maji yanachuruzika. Mwalimu mwenye akili angefurahi. Mimi nilipandwa na mori. "Kumbe unaweza! Kwa mgomba unaweza, kwangu unanifanyia jeuri?" Aliinamisha kichwa, akaenda kuokota mpira.

Mwaka uliofuata shule moja ya bweni ya Mwanza ikaniandikia. Walikuwa wanaanzisha timu, wakataka jina la mrushaji mmoja, wamchukue na kumsomesha mpaka amalize. Niliwaambia wote wawili. Jioni ile yule wa Rungwe Mpya alinifuata mpaka ofisini, akasimama mlangoni. Ndiyo mara pekee aliyoniambia maneno marefu. Baba yake alishafariki, na baba mdogo aliyekuwa akimsomesha alishapokea wageni kutoka Nyabibuye waliokuja kumposa. "Nikipata hiyo shule, mwalimu, baba mdogo hawezi kukataa. Nisipopata, mwaka huu ndio wa mwisho."

"Basi nyoosha mguu," nikamwambia.

Kesho yake alinyoosha. Nakumbuka alifumba macho kwanza. Mguu ukatua juu ya majivu, mwili haukupinda hata kidogo, na mpira ukaja moja kwa moja kwa kasi ambayo sikuitegemea. Glavu ikachelewa. Ukanipiga gotini, nikaanguka chali mbele ya darasa zima. Maumivu yale siyasahau, na nilichokisema sikisahau pia: "Mshenzi wewe, unataka kuniua?"

Alikuja mbio akapiga magoti, akanishika miguu, analia kuliko mimi niliyeumia. Goti lilipona baada ya siku chache. Yeye hakunyoosha mguu tena, na mipira yake sasa ilipita mbali zaidi. Mwisho wa mwezi nikaandika jina la binti wa daktari. Nilijiambia nimetenda haki, kwa sababu mrushaji anapimwa kwa mpira unaofika.

Januari 2015 shule ilipofunguliwa, yule wa Rungwe Mpya hakuonekana. Nikasubiri wiki mbili, nikakodi bodaboda kwenda kwao. Mama yake alikuwa uani anapukuchua mahindi. Akanipa kigoda, akaniambia wamemchukua baada ya Krismasi, yuko Nyabibuye kwa mumewe.

Nilianza kujitetea. Nikamweleza habari za mguu, za kuinama, za mstari wa majivu. Mama akanisikiliza mpaka mwisho, huku vidole vyake vinaendelea na kazi.

"Aliniuliza," akasema. "Alisema, mama, mwalimu anachuchumaa mbele yangu, anataka nimrushie mpira tumboni. Nikamwambia, mwanangu, mtu mzima harushiwi kitu. Hata akikuamuru, wewe upitishe pembeni kidogo, ataona kwamba unamheshimu."

Miaka miwili nilikuwa nakaripia heshima! Ningempa glavu mwanafunzi mwenzake kwa dakika tano tu, ningeona. Ningeuliza hata mara moja, "Mwanangu, kwa nini?", ningejua. Na siku aliyojikaza akavunja mwiko aliofundishwa na mama yake, kwa sababu mimi nilimwambia avunje, nikamwita mshenzi.

"Ile siku uliyoumia hakula," mama akaendelea. "Na siku ya kuondoka aliniagiza. Alisema, mwalimu akija umwombe radhi. Umwambie alihangaika na mimi sana, na mimi nikashindwa."

Halafu yule mama akaweka gunzi chini, akapiga magoti mbele yangu vumbini, akaniomba msamaha kwa niaba ya binti yake.