Siku Sita za Miguu ya Nsimire

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, miguu ya dada yangu Nsimire ilikataa kutembea. Papa alikuwa amepanda boti kwenda Kalehe, na mchana habari zikatufikia nyumbani kwetu Nguba kwamba boti imezama. Nsimire, wa miaka kumi na miwili, akaanguka palepale uani.

"Maman, sisikii miguu," alisema.

Kesho yake Papa akarudi mzima. Kumbe injini tu ndiyo iliyokufa. Tulilia kwa furaha, Nsimire pia, lakini miguu haikuamka. Hospitalini walimpiga picha, wakamgonga magoti, wakasema hana kitu. Neno hilo ndilo lililotutia wazimu. Mama hakutulia hata kula. Mimi nilikuwa nikimfinya nyayo anaposinzia, nikitafuta uongo. Sikuupata.

Ndipo Koko, mama yake Papa, akaja kutoka Walungu na kamba ya mgomba. Yeye aliamini kwamba hofu humfupisha mtu upande mmoja, na haponi mpaka pande zilingane. Kila asubuhi alimpima Nsimire kutoka bega hadi kisigino, kulia, kisha kushoto.

"Inabakia vidole viwili," alisema. Kesho yake kimoja. Kisha nusu. Nsimire aliikodolea macho ile kamba kama anayesubiri matokeo ya mtihani.

Siku ya sita nilisimama karibu, nikaona dole gumba la Koko likiteleza. Kamba haikufika, yeye ndiye aliyeifikisha.

"Iko sawasawa," akasema. "Simama, mutoto wangu."

Nsimire akasimama. Alitetemeka, akashika ukuta, akafika mlangoni. Mama akaangusha sufuria.

Nilimfuata Koko jikoni kwa hasira. "Koko, umedanganya!"

"Nimedanganya kamba," alijibu bila kugeuka. "Mutoto, hapana."

Leo kazi yangu ni kuwasaidia wagonjwa kutembea tena. Wiki iliyopita mwanamke mmoja, ambaye picha zake hazionyeshi jeraha lolote, aliniuliza kama goti lake linakunjika zaidi kuliko juzi. Lilikuwa vilevile. Nilimwambia ukweli, kama nilivyofundishwa, nikamwona akilegea kitini. Sijui kama nilimheshimu au nilimwacha peke yake. Bado naandika vipimo vyangu bila kuongeza wala kupunguza, ila kila nikishika utepe wa kupimia, natazama kwanza dole gumba langu.